Je, Mwendo wa Gesi Waaminika? Mjadala juu ya Mashimo Meusi ya Vitovuni mwa Galaksi

Shimo jeusi halina nuru yake lenyewe, kwa kuwa uvutano wake ni mkubwa kiasi kwamba hata mwanga ukishavuka mpaka wake hauwezi kurudi. Kwa hiyo kila anayedai kwamba katikati ya galaksi fulani pana shimo la namna hiyo hulazimika kuvitazama vitu vinavyolizunguka, na kuonyesha kwamba kasi yao haielezeki isipokuwa pawe na tungamo kubwa, yaani kiasi kikubwa cha mata, lililosongamana mahali padogo mno. Vitu hivyo ni vya aina mbili, nyota na gesi, na swali la kipi kati ya viwili hivyo kinastahili kuaminiwa zaidi limewashughulisha wanaastronomia kwa zaidi ya nusu karne. Katika mjadala ufuatao wasemaji wawili ni wa kubuni, mtetezi wa gesi na mtetezi wa nyota, lakini hoja zao ni zile zile zilizotolewa na watafiti wenyewe. Na pale ambapo hoja ya upande mmoja inaizidi nyingine uzito, maelezo yanayounganisha kauli zao hayatalificha jambo hilo.

MTETEZI WA GESI: Msingi wa njia hii ni mwepesi kueleweka. Gesi iliyopata joto au iliyoangazwa hutoa nuru katika mistari ya spektra, yaani katika rangi chache maalumu zinazojulikana kwa usahihi kutokana na aina ya atomu au molekuli zilizomo, na mistari hiyo husogea kuelekea bluu gesi inapomkaribia mtazamaji, na kuelekea nyekundu inapokwenda mbali naye. Badiliko hilo, liitwalo athari ya Doppler, huonyesha kasi moja kwa moja. Ikiwa gesi inazunguka kitovu kwa njia ya duara, tungamo linaloishikilia hupatikana kwa kuzidisha mraba wa kasi kwa umbali kutoka kitovuni, kisha kugawanya kwa namba isiyobadilika ya uvutano ya Newton. Na kama karibu tungamo lote limo katikati, kasi hupungua kwa kadiri ya kipeuo cha pili cha umbali, kama inavyotokea kwa sayari za Jua, ambapo Dunia hukimbia takriban kilomita 30 kwa sekunde ilhali Neptuni, iliyo mbali mara 30 zaidi, hukimbia kilomita 5.4 tu; mwenendo huo huitwa wa Kepler. Zaidi ya hayo, mawingu ya gesi hugongana, hupoteza nishati na hatimaye hutulia katika diski nyembamba inayozunguka kwa mpango, wakati ambapo nyota hupishana bila kugusana na kubaki katika njia zilizosokotana, ambazo kuzitenganisha kwa hesabu ni kazi ngumu.

MTETEZI WA NYOTA: Hesabu hiyo ni sahihi pale tu ambapo uvutano ndio nguvu pekee inayoiendesha gesi, na hilo ndilo ambalo ndugu mtetezi wa gesi amelichukulia kuwa limethibitika kabla halijathibitishwa. Nyota ina uzito mkubwa katika umbo dogo, hivyo mnururisho, upepo wa angani na nguvu za sumaku haviwezi kuitoa katika njia yake. Gesi husukumwa na vyote hivyo, pamoja na mawimbi ya mshtuko yanayozuka pale mkondo wa plazima, yaani gesi ya chembe zenye chaji, unapofyatuka kutoka kitovuni. Mtu aliyesimama pwani akilitazama jahazi lililotweka tanga hawezi kuujua mwendo wa mkondo wa maji kwa kuuangalia mwendo wa jahazi peke yake, maana upepo nao umo kazini. Mwaka 1943 Carl Seyfert alieleza galaksi ambazo vitovu vyake vina mistari mipana ajabu, ishara kwamba gesi ya humo inakwenda kwa maelfu ya kilomita kwa sekunde, na mwaka 1959 Lodewijk Woltjer akaonyesha kwamba iwapo gesi hiyo imeshikiliwa na uvutano, basi vitovu hivyo vina tungamo kubwa mno. Sharti hilo ndilo lililobeba hoja nzima: gesi ikiwa inatoroka kwenda nje badala ya kuzunguka, tungamo lililokadiriwa halina msingi tena.

MTETEZI WA GESI: Pingamizi hilo lilitolewa pia kuhusu kitovu cha galaksi yetu, Njia Nyeupe, na historia imekwisha kulijibu. Katika miaka ya 1970 Charles Townes, aliyepata Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 1964 kwa kazi iliyozaa maseri na leza, alikuwa Berkeley pamoja na wenzake wakipima mstari wa infraredi wa neoni wenye urefu wa wimbi wa maikromita 12.8, ambao hupenya vumbi linaloifunika Njia Nyeupe upande wa kitovu chake. Gesi waliyoipima ilikuwa ikienda kwa mamia ya kilomita kwa sekunde, nao wakahitimisha kwamba katikati pana tungamo lililosongamana lenye uzito wa Jua mara milioni kadhaa. Leo inajulikana kwamba tungamo hilo ni karibu milioni 4.3. Gesi ilisema mapema, na ilisema kweli.

MTETEZI WA NYOTA: Ilisema kweli, lakini wengi hawakuweza kuikubali, nao walikuwa na haki, kwa kuwa gesi ile imo katika michirizi iliyopinda ambayo upepo wa nyota changa ungeweza kuisukuma. Waliolimaliza shauri hilo ni Reinhard Genzel na Andrea Ghez, ambao vikundi vyao vilizifuatilia nyota moja moja kwa miongo, hasa ile iitwayo S2, inayolizunguka shimo kwa muda wa takriban miaka 16, na ndio waliotuzwa Nobel mwaka 2020 pamoja na Roger Penrose.

Hapo mtetezi wa nyota ana haki, ingawa inafaa kuongezwa kwamba Genzel mwenyewe alifanya kazi na Townes huko Berkeley, na kwamba bila dokezo la gesi pengine pasingekuwapo sababu ya kuitazama sehemu ile ndogo ya anga kwa subira ya miaka mingi kiasi hicho. Lakini Njia Nyeupe ni kisa cha pekee, kwa sababu kitovu chake kiko umbali wa miaka ya mwanga 27,000 hivi tu na nyota zake huonekana moja moja. Katika galaksi nyingine kinachopimwa ni nuru iliyochanganyika ya nyota nyingi mno, na ndiyo maana mjadala wenye uzito zaidi umehusu galaksi M87 iliyo katika kundi la galaksi la Virgo, umbali wa takriban miaka ya mwanga milioni 55.

MTETEZI WA NYOTA: Mwaka 1978 kikundi cha Wallace Sargent na Peter Young kilionyesha, kwa kuipima nuru ya nyota za M87, kwamba kitovuni pana tungamo lililofichika la karibu Jua bilioni 5. Miaka 16 baadaye, darubini ya angani ya Hubble ilipokwisha kufanyiwa marekebisho ya macho yake, Holland Ford, Richard Harms na wenzao waliipima diski ya gesi iliyo ndani ya galaksi hiyo hiyo, gesi yenye ioni, yaani ambayo atomu zake zimenyang'anywa baadhi ya elektroni, wakapata bilioni 2.4. Mwaka 1997 kikundi cha Duccio Macchetto kilipata bilioni 3.2, na mwaka 2013 Jonelle Walsh na wenzake, kwa ala bora zaidi ya Hubble na hesabu iliyofanywa kwa uangalifu mkubwa, wakapata bilioni 3.5. Katikati ya hayo, mwaka 2011, Karl Gebhardt na wenzake walizitazama tena nyota kwa darubini ya Gemini Kaskazini iliyoko Hawaii, wakapata bilioni 6.6. Vipimo viwili vya kitu kimoja vilipishana karibu mara mbili, na hakuna upande uliokiri kwamba mipaka yake ya makosa ni mipana kiasi cha kuliziba pengo hilo. Kisha tarehe 10 Aprili 2019 mradi wa Event Horizon Telescope, uliounganisha darubini za redio za mabara mbalimbali, ulitoa picha ya pete ya nuru inayolizunguka shimo la M87, na kutokana na ukubwa wa pete hiyo tungamo likakadiriwa kuwa bilioni 6.5. Nyota zilikuwa zimesema kweli.

MTETEZI WA GESI: Hakuna haja ya kulipinga tokeo hilo, ila ni lazima kuuliza kosa lilitoka wapi. Kinachopimwa kwa athari ya Doppler ni ile sehemu tu ya kasi inayoelekea kwa mtazamaji au kutoka kwake. Diski ikitazamwa kwa ubavu, kasi yote huonekana. Ikitazamwa kutoka juu, hakuna kinachoonekana hata kidogo. Kwa hiyo kila mpimaji hulazimika kuujua mwinamo wa diski, yaani pembe kati ya uso wake na uso wa anga, kisha kuirekebisha kasi. Mwaka 1994 mwinamo wa diski ya M87 ulichukuliwa kuwa takriban nyuzi 42, na kutokana na pembe hiyo kasi ya gesi, iliyoonekana kuwa zaidi ya kilomita 500 kwa sekunde kila upande, iliongezwa karibu mara moja na nusu, na kwa kuwa tungamo hutegemea mraba wa kasi, tungamo likaongezeka zaidi ya mara mbili. Sasa pembe hiyo ikichukuliwa kuwa nyuzi 25 badala ya 42, kasi ile ile iliyopimwa hutoa tungamo kubwa mara mbili na nusu. Mwaka 2019 Britton Jeter na wenzake walionyesha njia nyingine ya kulieleza pengo: ikiwa diski si nyembamba, na gesi yake inabebwa kwa sehemu na msukosuko wa ndani, basi inazunguka polepole kuliko mwendo wa Kepler, na anayeihesabu kana kwamba inazunguka kwa duara kamili hupata tungamo dogo kuliko lililopo. Na mwaka 2023 utafiti uliofanywa kwa ala ya MUSE, kwenye darubini ya VLT nchini Chile, ulidhihirisha kwamba gesi ya kitovuni mwa M87 haimo katika diski moja tulivu, kwamba sehemu yake inatiririka kwenda nje, na kwamba mwinamo mdogo wa karibu nyuzi 25 huafikiana vizuri na tungamo la bilioni 6 hivi.

MTETEZI WA NYOTA: Basi ndugu mtetezi wa gesi amekubali shtaka. Pembe moja isiyojulikana vizuri imelipunguza shimo kwa nusu, na aliyepima hakuwa na njia ya kulitambua hilo akiwa ndani ya kipimo chake mwenyewe.

MTETEZI WA GESI: Aliyezipima nyota naye hakuwa na njia hiyo. Mwaka 2009 Gebhardt na Jens Thomas waliurudia mfano wao wa nyota za M87 kwa namna mbili, kwanza bila kuliingiza tungamo la mata ya giza, ile mata isiyoonekana inayoizingira galaksi, kisha kwa kuliingiza. Bila mata ya giza shimo lilikuwa la bilioni 2.4; kwa kuiingiza likawa la bilioni 6.4. Data hazikuwa zimebadilika, kilichobadilika ni dhana moja kuhusu viunga vya mbali vya galaksi, na kwa muda upande wa nyota nao ulikuwa ukitoa namba ile ile ya chini iliyotolewa na gesi.

Jibu hili ndilo zito kuliko yote katika mjadala wa M87, na mara nyingi husahauliwa na wanaokisimulia kisa hicho kama ushindi mtupu wa nyota. Pande zote mbili hazipimi tungamo. Hupima kasi, na kutoka kwenye kasi hadi tungamo hupitia mfano wa kihesabu wenye dhana ndani yake, dhana za umbo na mwinamo upande wa gesi, dhana za njia za nyota na mata iliyofichika upande wa pili. Hata hivyo lipo jambo ambalo upande wa gesi haukulifanya mapema kama ulivyopaswa. Mistari ya gesi ya kitovuni mara nyingi huwa mipana kuliko mzunguko peke yake unavyoweza kueleza, na upana huo wa ziada ni dalili kwamba gesi ina msukosuko unaoibeba kwa sehemu. John Kormendy na Luis Ho, katika mapitio yao makubwa ya mwaka 2013, waliviacha nje baadhi ya vipimo vya gesi kwa sababu hiyo hasa, kwamba upana wa mistari haukuwa umeingizwa katika hesabu. Dalili ilikuwapo kwenye data tangu mwanzo, na aliyeipuuza alikuwa ameonywa.

MTETEZI WA GESI: Lakini si gesi yote iliyo na msukosuko. Katika galaksi NGC 4258, iliyo umbali wa takriban miaka ya mwanga milioni 25, diski ya kitovuni ina mvuke wa maji unaotoa mawimbi ya redio kwa njia ya maseri, yaani molekuli hukuza mnururisho wa urefu mmoja wa wimbi, sentimita 1.35, mpaka ukawa mkali na mwembamba sana. Mwaka 1993 Naomasa Nakai, Makoto Inoue na Makoto Miyoshi walitangaza kwamba, kwa darubini ya Nobeyama nchini Japani, wameona maseri za galaksi hiyo zikienda kwa karibu kilomita 1,000 kwa sekunde kulinganishwa na galaksi yenyewe. Miaka miwili baadaye Miyoshi na wenzake walitumia mtandao wa antena za redio wa VLBA wa Marekani kuonyesha mahali pa kila doa la maseri. Madoa hayo yamo katika diski nyembamba inayotazamwa karibu kabisa kwa ubavu, kati ya miaka ya mwanga 0.4 na 0.9 kutoka kitovuni, na kasi yake inafuata mwenendo wa Kepler kwa usahihi ulio ndani ya asilimia 1. Tungamo la katikati ni karibu Jua milioni 40. Kundi la nyota zilizozimika lenye uzito huo haliwezi kudumu katika nafasi ndogo kiasi hicho. Na kwa kuwa madoa yaliyo mbele ya kitovu hubadilisha kasi yake kwa karibu kilomita 9 kwa sekunde kila mwaka, mchapuko huo, ukiunganishwa na ukubwa wa diski angani, umetoa hata umbali wa galaksi bila kutegemea kipimo kingine chochote.

MTETEZI WA NYOTA: Kuhusu NGC 4258 hakuna ubishi; isipokuwa Njia Nyeupe, hakuna galaksi yenye ushahidi safi kuliko huo kutokana na mwendo wa vitu. Lakini maseri za namna hiyo huonekana pale tu ambapo diski imetazamana na Dunia kwa ubavu, na galaksi zilizopatikana zikiwa na mpangilio huo ni chache sana kati ya zilizotafutwa. Njia isiyoweza kutumika isipokuwa kwa bahati haiwezi kuwa msingi wa kuzihesabu galaksi zote.

MTETEZI WA GESI: Ndiyo sababu juhudi za miaka ya karibuni zimehamia kwenye gesi baridi ya molekuli, hasa monoksidi ya kaboni, ambayo msukosuko wake ni mdogo. Mwaka 2013 Timothy Davis na wenzake waliitumia kulipima shimo la NGC 4526. Kisha mtandao wa antena 66 wa ALMA, uliojengwa katika jangwa la Atacama nchini Chile, kwenye mwinuko wa mita 5,000 hivi, umeiwezesha njia hiyo kufika ndani ya eneo ambalo shimo lenyewe ndilo linalotawala mwendo. Mwaka 2016 Aaron Barth na wenzake waliupima mzunguko wa gesi baridi ya NGC 1332, wakapata tungamo la Jua milioni 664, ilhali kipimo cha nyota cha mwaka 2011 kilikuwa kimetoa zaidi ya mara mbili ya hapo. Diski ile imenyooka, ni nyembamba, na mwinamo wake unapimika kutokana na data zile zile. Mara hii ni upande wa nyota unaodaiwa maelezo.

Kisa cha NGC 1332 kinausogeza mjadala mahali ulipopaswa kuwa tangu mapema, kwa sababu kinaonyesha kwamba kugawanya vipimo kuwa vya gesi na vya nyota huunganisha pamoja mambo yasiyofanana. Diski ya maji ya NGC 4258, diski ya monoksidi ya kaboni ya NGC 1332 na gesi yenye ioni ya M87 zote ni gesi, lakini ya kwanza na ya pili hujieleza zenyewe kwa umbo na mwinamo, na ya tatu haikuweza. Linalostahili kuulizwa kuhusu kila kipimo ni iwapo data zake zinatosha kuutambua mwinamo, msukosuko na mtiririko, au iwapo mambo hayo yamejazwa na mpimaji. Na kuna sababu nyingine ya kutoiacha gesi, nayo ni umbali: nyota za galaksi za mbali hazitenganishiki na pia hufunikwa na mng'aro wa gesi inayoanguka shimoni, hivyo anayetaka kujua jinsi mashimo hayo yalivyokua tangu ulimwengu ulipokuwa mchanga hana kitu kingine cha kukitazama.

MTETEZI WA GESI: Mwaka 2018 ala ya GRAVITY, inayoziunganisha darubini nne kubwa za VLT, iliitenganisha gesi ya karibu kabisa na shimo la kwaza 3C 273, kitovu cha galaksi kinachong'aa kuliko nyota zake zote, ikaonekana inazunguka, na tungamo likawa Jua milioni 260 hivi. Mwaka 2024 kazi ya namna hiyo ilifanywa kwenye galaksi ambayo nuru yake imesafiri miaka bilioni 11, ikapatikana milioni 320.

MTETEZI WA NYOTA: Hizo ni mbili. Tangu darubini ya James Webb ianze kazi mwaka 2022, zimeonekana kwa wingi galaksi ndogo nyekundu za zamani sana, ziitwazo nukta ndogo nyekundu, na matungamo ya mashimo yake yamekadiriwa kutokana na upana wa mistari ya hidrojeni peke yake, bila ramani yoyote ya mzunguko. Baadhi ya watafiti wamekwisha kuonyesha kwamba upana huo unaweza kutokana na nuru kutawanywa na elektroni ndani ya gesi nzito, jambo ambalo lingeyapunguza makadirio hayo mara kumi au zaidi. Ni sharti lile lile la Woltjer, limerudi baada ya zaidi ya miaka 60.

MTETEZI WA GESI: Limerudi, na mahali pamoja limejibiwa kwa namna inayotakiwa. Nukta mojawapo, iliyo nyuma ya kundi la galaksi Abell 2744, imekuzwa na uvutano wa kundi hilo kiasi kwamba mwaka 2025 watafiti waliweza kuipima kasi ya gesi yake kwa umbali tofauti kutoka kitovuni. Kasi ilishuka kwa mwenendo wa Kepler, na tungamo likawa karibu Jua milioni 50, katika ulimwengu uliokuwa na umri wa chini ya miaka bilioni 1.

MTETEZI WA NYOTA: Kwa nukta hiyo moja kipimo kinakubalika, kwa kuwa kimetokana na kasi zilizopimwa mahali mbalimbali na si upana wa mstari mmoja. Kwa zilizobaki, matungamo yaliyochapishwa yaandikwe kuwa makadirio, mpaka kila moja ipimwe kasi ya gesi yake katika angalau mahali pawili au patatu, kazi ambayo kwa nyingi kati yake huenda ikahitaji kusubiri darubini ya ELT yenye kioo cha mita 39, inayojengwa sasa juu ya mlima Cerro Armazones nchini Chile.